Mono aliyekuwa anachapwa shuleni akageuka baba wa judo: Maisha ya Kano Jigoro, na kwa nini msee wa Kisumu anafaa kumjua

Ukitaja Kano hapa Kisumu, kila mtu anawaza Ahero, mchele, mafuriko ya Nyando na Luanda Magere. Lakini kuna Kano mwingine, msee wa Japani, na hana undugu wowote na hawa wetu. Ni majina tu yamegongana. Huyu aliitwa Kano Jigoro. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo Kano ndio ukoo wake na Jigoro ndio jina alilopewa nyumbani.

Kama umewahi kucheki video za wasee wamevaa yale makoti meupe mazito, wanabiringishana kwenye mikeka mpaka mmoja anagonga mkeka kusema basi, hiyo inaitwa jujitsu ya Brazili. Siku hizi imeshika vijana dunia nzima. Ukifuata mizizi yake, haianzii Brazili. Inaanzia kwa huyu Kano, kijana mdogo wa mwili aliyechoka kuonewa shuleni.

Na kuna kitu kinamtofautisha kabisa na shujaa wetu wa Kano ya hapa. Luanda Magere, vile wazee wanasimulia, alizaliwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Lang'o ilikuwa inamgonga inaruka. Hakufunzwa na mtu, alikuwa hivyo tu. Ndio maana siku siri yake ya kivuli ilipotoka, mambo yaliisha papo hapo. Jigoro yeye hakupewa kitu. Kila nguvu aliyokuwa nayo aliitafuta mwenyewe, mtu kwa mtu, mwanguko kwa mwanguko. Nguvu ya aina hiyo ina faida moja: unaweza kumgawia mwenzako na bado ukabaki nayo.

Sasa wacha tuanze mwanzo.

Mtoi wa pwani, akapelekwa bodingi

Jigoro alizaliwa 1860 huko Mikage, kijiji cha kando ya bahari karibu na Kobe. Familia yao haikuwa ya kusota. Walikuwa watu wa kutengeneza sake, ile pombe ya mchele, na mbuyu wake alikuwa msee wa biashara na kazi za serikali. Mama yake alifariki Jigoro akiwa na miaka kama 9 hivi. Baada ya hapo babake akamchukua wakahamia Tokyo, akamweka shule nzuri.

Kwa masomo huyo kijana alikuwa moto. Kiingereza alikishika mapema, na 1874 akaingia shule ya bodingi ambayo walimu wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya.

Ngori ilianzia hapo. Wewe kama umesoma bodingi huku kwetu, unajua maisha ya mono vile huwa, hasa mono mdogo wa mwili ambaye pia anaongoza darasa. Jigoro alikuwa mfupi na mwembamba. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa sentimita 157 hivi. Wakubwa walimfanya mpira. Walikuwa wanamtoa nje wanamchapa, na marks zake nzuri hazikumsaidia kitu. Kuwa na akili kulizidisha tu hasira zao.

Hapo ndipo alisikia kuhusu jujitsu. Rafiki ya familia, mzee anayeitwa Nakai Baisei ambaye zamani alikuwa askari wa serikali ya mashogun, alimwambia kuna ufundi ambao mtu mdogo anaweza kumwangusha mkubwa. Akamwonyesha hata mishiko michache. Kijana akawaka. Akaomba afunzwe.

Mzee akakataa.

Wazee watatu, hapana tatu

Lazima uelewe Japani ya wakati huo. Mwaka wa 1868 utawala wa mashogun ulikuwa umeanguka na enzi ya Meiji ikaanza. Samurai walikuwa wanapoteza kazi na cheo, na hata kubeba panga ilikuja kupigwa marufuku. Kila kijana mwenye ndoto alitaka mambo ya kisasa: reli, sayansi, Kiingereza. Jujitsu ilikuwa kitu cha mababu. Walimu wake wengi walikuwa wamefunga shule, wengine wakihangaika kutafuta riziki.

Kwa hivyo Nakai alimwona Jigoro kama kijana anayetaka kupoteza wakati. Jigoro akajaribu mtu mwingine, Katagiri Ryuji, aliyekuwa anatunza mali ya familia yao na alijua jujitsu. Naye akakataa. Akamwendea wa tatu, Imai Genshiro, mgeni wa mara kwa mara pale kwao. Hapana tena.

Hii ilichukua miaka. Wengi wetu tungekuwa tumeachana na hiyo stori kitambo. Lakini 1877, akiwa tu ameingia Chuo Kikuu cha Tokyo na miaka yake kama 17, Jigoro akapata wazo moja kali. Alijua kwamba walimu wengi wa zamani wa jujitsu walikuwa wamegeuka kuwa waunga mifupa. Ilikuwa na maana: mtu aliyejua kuvunja mkono alijua pia kuurudisha. Ni kama huku kwetu, kila mtaa kuna mzee ambaye ukiteguka mguu kwenye boli unapelekwa kwake kabla ya hospitali.

Jigoro akaanza kuzunguka Tokyo akitafuta vibao vya waunga mifupa. Alikuwa anaingia, anauliza kama wanajua jujitsu, anatoka. Mwishowe akampata Yagi Teinosuke, ambaye kwake palikuwa padogo sana pa kufunzia. Yagi akamwelekeza kwa Fukuda Hachinosuke, muunga mifupa mwingine, wa mtindo wa Tenjin Shin'yo. Fukuda alikuwa na chumba cha mikeka 10 tu kando ya pale alipotibu wagonjwa, na wanafunzi wa kuhesabu.

Huyo hakukataa.

Somo la kwanza: kuanguka

Unafikiria sasa mambo yakawa matamu? Zii. Kwa Fukuda, kazi ya mwanafunzi mpya ilikuwa kuangushwa. Mwalimu anakuangusha, wakubwa wako wanakuangusha, unainuka, unaangushwa tena. Maelezo yalikuwa machache.

Kuna siku Fukuda alimwangusha kwa njia ambayo Jigoro hakuielewa. Kijana wa chuo kikuu, aliyezoea kuuliza maswali darasani, akamuuliza mwalimu mkono unafaa kukaa wapi na mguu uende wapi. Fukuda badala ya kujibu akamwita aje, akamwangusha. Jigoro akauliza tena. Akaangushwa tena. Kila swali lilijibiwa na mkeka. Msimamo wa mzee ulikuwa kwamba hii kitu haiingii kwa masikio, inaingia kwa mwili, na ukishaifanya mara elfu utaijua.

Mzee alikuwa na nusu ya ukweli. Mtu yeyote ambaye ameanza jujitsu leo anajua hiyo miezi ya kwanza, unagonga mkeka kila dakika mbili na huelewi hata umeshikwa wapi. Hakuna video itakuokoa. Lazima mwili upitie.

Lakini Jigoro alibaki na nusu ile nyingine. Kila usiku alirudi akijiuliza kwa nini ameanguka. Mwili wake ulijaa vidonda na michubuko, akawa anajipaka dawa yenye harufu kali hadi wenzake chuoni walimtania. Asubuhi alikuwa darasani akisoma siasa, uchumi na falsafa. Jioni alikuwa kwenye mikeka. Koti lake la mazoezi la siku hizo, limechakaa na kushonwa-shonwa, limehifadhiwa Tokyo hadi wa leo.

Jitu linaloitwa Fukushima

Pale kwa Fukuda kulikuwa na mwanafunzi mkubwa anayeitwa Fukushima Kanekichi. Jitu la miraba minne. Jigoro alikuwa ameanza kuwaweza wengine, lakini huyu hakushikika. Kila mbinu aliyofunzwa ilikwama pale kifuani kwa Fukushima kama mtumbwi umekwama kwenye magugu ya ziwani.

Hapa ndipo utaona tofauti ya Jigoro na wanafunzi wengine. Wengine walikubali tu kwamba Fukushima ni mkubwa, basi. Jigoro aliichukulia kama swali la mtihani ambalo lazima lina jibu, hata kama jibu haliko kwenye kitabu cha mwalimu wake.

Kwanza alimtafuta mtu aliyewahi kucheza sumo, ule mchezo wa majitu, akamfunza mbinu za huko. Akamjaribia Fukushima. Ikakataa.

Akaenda maktaba. Akachimba vitabu vya mieleka ya wazungu, akapata mbinu ambayo haikuwa kwenye jujitsu aliyofunzwa. Unamvuta mtu mbele, unajikunja chini ya kifua chake, unamshika mkono mmoja na paja, unamlaza juu ya mabega yako, halafu unainuka naye.

Ukitaka kuelewa vile inafanya kazi, nenda Kibuye siku ya soko uwacheki wale wasee wa kubeba magunia. Hakuna anayeinua gunia la kilo 90 kwa nguvu za mikono. Anaingia chini yake, anajipanga, uzito unakaa kwenye mabega na miguu ndiyo inainua. Gunia ni lile lile, ni vile tu limekaa mahali mifupa inaweza kulibeba.

Jigoro aliifanyia mazoezi kimya kimya na mabeshte. Alipohisi iko tayari, akamkabili Fukushima tena. Jitu likapaa, likatua. Mbinu hiyo inaitwa kataguruma, yaani gurudumu la mabega, na iko kwenye judo mpaka leo.

Angalia alichofanya hapo. Hakuongeza misuli. Alikubali kwamba anachojua hakitoshi, akatoka nje ya darasa lake kutafuta, akarudi na kitu ambacho hata mwalimu wake hakuwa amemfunza.

Anapoteza mwalimu, mara mbili

Agosti 1879, rais mstaafu wa Marekani, Ulysses Grant, alikuwa ziarani Japani. Ikapangwa aonyeshwe jujitsu, na miongoni mwa waliochaguliwa walikuwa mzee Fukuda na mwanafunzi wake Jigoro, miaka 18. Kutoka mono wa kuchapwa hadi kucheza mbele ya rais, miaka mitano tu.

Furaha haikukaa. Wiki chache baadaye Fukuda akafariki, akiwa na miaka 52. Jigoro akaenda kwa Iso Masatomo, mzee wa mtindo ule ule. Huko mazoezi yalikuwa ya kuua. Kama msaidizi wa mwalimu, Jigoro alikuwa anakabiliana na wanafunzi mmoja baada ya mwingine mpaka usiku sana. Alichoka hadi usingizini akawa anarusha mateke na kupigana na blanketi.

1881, Iso naye akafariki. Kijana akabaki bila mwalimu tena.

Mwalimu wake wa tatu alikuwa Iikubo Tsunetoshi, wa mtindo wa Kito. Huu ulikuwa ulimwengu mwingine. Kwa Fukuda na Iso alikuwa amejifunza zaidi kukaba, kukunja viungo na kumbana mtu chini. Iikubo alikuwa bingwa wa kurusha. Alikuwa mkubwa kumliko kwa miaka mingi lakini Jigoro, kijana wa damu moto, alirushwa kama karatasi.

Wengine wangesema mtindo wangu ni bora kuliko wako, mambo yaishe. Jigoro akafikiria tofauti: kama huyu ana dawa ya kurusha na wale wengine walikuwa na dawa ya chini, kwa nini nichague?

Hekalu, mikeka 12, na sakafu inayolia

1882, Jigoro akiwa na miaka 21, akafungua shule yake. Aliipa jina Kodokan, na kile alichofunza akakiita judo. Jujitsu maana yake ni ufundi wa ulaini. Judo ni njia ya ulaini. Alibadilisha neno moja makusudi: hakutaka tena iwe ujanja wa kupigana tu, alitaka iwe njia ya mtu kukua.

Jina kubwa, lakini mahali penyewe palikuwa padogo. Alipewa nafasi kwenye hekalu la Wabuddha linaloitwa Eishoji, mtaa wa Shitaya huko Tokyo. Mikeka 12. Mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa 9. Kwa wakati huo alikuwa ameajiriwa kama mwalimu wa shule, na mshahara wake pamoja na hela za kutafsiri vitabu usiku ndizo zililisha hiyo mbogi. Wengine walikuwa wanaishi naye, wanakula kwake, na hakuwatoza kitu.

Watawa wa hekalu nao walikuwa na shida zao. Kila mtu alipoangushwa, vibao vya ukumbusho wa marehemu vilianguka kutoka kwenye rafu na mbao za sakafu zikavunjika. Usiku mwalimu mkuu Kano alikuwa anaingia chini ya sakafu na taa, anapigilia mbao ili kesho waendelee. Usisubiri jumba la mikeka ya bei ghali ndio uanze kitu chako.

Siri aliyoipata

Kule kwa Iikubo bado alikuwa anaenda, na bado alikuwa anarushwa. Halafu siku moja, wakiwa kwenye mazoezi ya kushindana, mambo yakapinduka. Jigoro akamrusha mzee. Akamrusha tena. Mzee hakumpata hata mara moja.

Iikubo akashangaa, akataka kujua imekuwaje. Jigoro akamweleza alichokuwa akikichunguza: mtu aliyesimama imara huwezi kumwangusha, hata akiwa mdogo. Kwanza vunja usawa wake. Akikusukuma, mvute. Akikuvuta, msukume. Mwili wake ukishakuwa njiani, kati ya kuanguka na kusimama, hapo uzito wake wote ni mali yako. Wajapani wanaita kuzushi.

Wavuvi wa Dunga wanaijua hii kitu bila jina. Mtumbwi mzito ukiwa umelala kwenye mchanga, unaweza kuvuta mpaka mgongo uume na usisonge. Lakini subiri wimbi liingie, liuinue kidogo, vuta wakati huo huo. Unateleza. Ukichelewa sekunde moja umerudi kwa mateso.

Iikubo alisikiliza, akakubali. Alimwambia kwamba hana kingine cha kumfunza, sasa aende akafanye mazoezi na vijana. Akamkabidhi vitabu na maandishi ya mtindo wake. Kwa mwalimu wa miaka hiyo kukubali hivyo mbele ya mwanafunzi, hiyo ni heshima nzito.

Kwa nini wanafunzi wake walikuwa wanapanda haraka

Siri nyingine ya Kano ilikuwa kwenye mpangilio wa mazoezi. Jujitsu ya zamani ilikuwa na mambo ya hatari: kuvunja vidole, kupiga koo, kutoboa macho. Shida ni kwamba huwezi kumfanyia mwenzako hivyo kwa nguvu zote halafu kesho mkutane tena. Kwa hivyo mengi yalibaki kuwa mchezo wa kuigiza, huyu anashika hivi, yule anaanguka vile.

Kano alitoa hizo mbinu za hatari kwenye mazoezi ya kushindana, akaziacha zikae kwenye mafunzo ya mpangilio. Zilizobaki ungeweza kuzifanya kwa nguvu zako zote dhidi ya mtu anayekataa kweli kweli. Mazoezi hayo ya huru yanaitwa randori. Pia alifanya kuanguka kuwa somo la kwanza kabisa, ili mwili uzoee mkeka kabla ya kitu kingine.

Matokeo? Mwanafunzi wake alikuwa anapambana kwa ukweli mara nyingi kila jioni, na kesho anarudi akiwa mzima. Wa shule nyingine alikuwa anaigiza, au anapigana kwa ukweli mara moja anaumia miezi. Hesabu ni rahisi. Kwenye miaka ya 1880 vijana wa Kodokan walipokutana na shule za zamani kwenye mashindano ya polisi wa Tokyo, waling'ara, na jina likasambaa nchi nzima.

Hii ndio sheria inayoshikilia kila darasa la jujitsu mpaka leo. Mwenzako akigonga, unaachilia papo hapo. Haihusu roho safi peke yake. Huyo unayemvunja mkono leo ndiye ulikuwa unamhitaji kesho ili wewe uwe mkali. Kano aliliweka kama moja ya nguzo mbili za judo: kufaidiana, wewe na mwenzako. Nguzo nyingine ni kutumia nguvu zako mahali zinafaa tu.

Ngazi za dani pia ni yeye alizileta kwenye sanaa za kupigana, na hata mkanda mweusi ulianzia Kodokan. Alitaka mwanafunzi aone amefika wapi na kumebaki wapi.

Vile ilifika Brazili

Kati ya vijana waliopitia Kodokan alikuwa Maeda Mitsuyo, aliyezaliwa 1878. 1904 alisafiri hadi Marekani pamoja na Tomita Tsunejiro, mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Kano, kutangaza judo. Maeda hakurudi kukaa nyumbani. Alizunguka Marekani, Ulaya, Cuba na Mexico akipigana na wanamieleka wa kila saizi, mara nyingi wakubwa kumliko. 1914 akaingia Brazili, na mwishowe akaweka makao Belém, mji wa bandari kwenye mdomo wa Amazon.

Huko alimfunza kijana anayeitwa Carlos Gracie. Siku hizo watu wengi nje ya Japani bado waliita judo jujitsu, ndio maana jina hilo lilibaki. Carlos na ndugu zake wakafungua shule yao Rio de Janeiro mwaka wa 1925. Mdogo wao Hélio alikuwa mwembamba na mnyonge wa mwili, akazama sana kwenye mchezo wa chini, pale ambapo mtu akiwa amelala mgongo bado anaweza kumkaba aliye juu. Kutoka hapo ndio tukapata jujitsu ya Brazili.

Umeona mnyororo? Mdogo wa mwili kule Tokyo, mdogo wa mwili kule Rio. Kila mara hii sanaa ilisonga mbele kupitia mtu ambaye nguvu haikuwa upande wake, kwa hivyo ilibidi atafute.

Safari ya mwisho

Kano hakuwahi kuacha ualimu. Aliongoza chuo cha kufunza walimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20. Alianza kufunza wanawake judo katika miaka ya 1890, wakati wengi hawakuwazia hivyo. Mwaka wa 1935 akamkaribisha Kodokan msichana anayeitwa Fukuda Keiko, mjukuu wa yule yule mzee Fukuda aliyejibu maswali kwa mkeka. Kano alikuwa anarudisha deni. Keiko aliishi mpaka 2013, akafika dani ya juu kuliko mwanamke yeyote kabla yake.

1909 Kano alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ndoto yake kubwa ya mwisho ilikuwa Tokyo iandae michezo ya 1940. Machi 1938, akiwa na miaka 77, alisafiri hadi mkutano wa kamati hiyo huko Cairo kuitetea Tokyo, kwa sababu Japani ilikuwa vitani China na wengi walitaka inyang'anywe. Ndio mahali karibu zaidi na sisi maisha yake yalimfikisha kwa kazi hiyo: mji unaokunywa maji ya Nile, maji ambayo sehemu yake hutoka hapa Nam Lolwe.

Tokyo ikaruhusiwa. Kano akaanza safari ndefu ya kurudi nyumbani, akavuka Pasifiki kwa meli ya Hikawa Maru. Huko baharini akashikwa na nimonia. Alifariki tarehe 4 Mei 1938, siku chache kabla meli kutia nanga Yokohama. Miezi miwili baadaye Japani yenyewe ikaachilia ile michezo kwa sababu ya vita.

Lakini stori haikuishia hapo. Olimpiki ilifika Tokyo 1964, na judo ikaingia kwa mara ya kwanza. Hapo hapo Tokyo, kwenye michezo hiyo hiyo, Wilson Kiprugut alishinda shaba ya mita 800, medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki. Na usifikirie Wajapani walichukua kila kitu kwa judo. Kwenye pambano la uzito wowote, dhahabu ilienda kwa Mholanzi, Anton Geesink, jitu la karibu mita mbili aliyejifunza judo vizuri. Taifa zima lilinyamaza. Kumbe sanaa ya mtu mdogo ikishafunzwa, hata jitu linaweza kuisoma. Hiyo haikumaanisha Kano ameshindwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake inafanya kazi.

Kwa hivyo kama uko Kondele, Manyatta au Nyalenda, na wewe na mabeshte mmepata kamkeka mahali mnajifunza kutoka kwa simu, ukiwa mwezi wa tatu na bado kila mtu anakugongesha, jua uko pale pale Jigoro alikuwa kwa mzee Fukuda. Mwangushwe wote, sawa. Ila ukifika kwa keja usiku usiandike tu kwamba jamaa ni mkubwa. Andika alikushika wapi, usawa wako ulitoka lini, na kesho utamuuliza nani. Luanda Magere alituachia jiwe. Huyu Kano mwingine alituachia mazoezi, na hayo hayaishi siri ikitoka.